Kompyuta Ilivyoingia Shule za Kanisa Karagwe na Kyerwa

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Miaka mitano kabla ya hapo, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilikuwa imeziweka shule za makanisa mikononi mwa Serikali. Mambo hayo mawili hayakuamuliwa katika kikao kimoja wala kwa sababu moja, lakini kwa mwananchi wa Karagwe yalizaa hali moja. Kwa muda wa kizazi kizima, shule ya msingi ya kanisa haikuwepo, na kompyuta nayo haikuwepo. Vyote viwili vilirudi katika miaka ya 1990, kimoja kikiwa kimeshika mkono wa mwenzake. Ndiyo maana mpaka leo, kuanzia Kayanga wilayani Karagwe hadi Rubwera wilayani Kyerwa, mzazi anayempeleka mwanawe shule ya kanisa inayofundisha kwa Kiingereza hutarajia kuonyeshwa chumba cha kompyuta.

Historia ya somo la kompyuta katika wilaya hizi mbili inafuata vitu vitatu vilivyowasili kwa nyakati tofauti: shule, umeme na simu. Somo la kumfundisha mtoto kutumia mtandao kwa uangalifu ndilo lililochelewa kuliko yote, tena halikuletwa na kompyuta.

Marufuku ya 1974 ilikuwa na kisa chake. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500 iliyouzwa na kampuni ya ICT ya Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ikitarajiwa kurahisisha hesabu za Serikali. Mambo yakaenda kombo. Hesabu zilivurugika, wanaoijua mashine walikuwa wageni, na kila kipuri kilidai fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Amri ya 1974 ikafunga mlango kwa kompyuta na vifaa vyake, na aliyezihitaji ilibidi aombe kibali maalumu. Zama zilikuwa za Azimio la Arusha, na hoja ilieleweka hata kwa asiyewahi kuiona mashine yenyewe: nchi maskini isinunue kitu isichoweza kukitengeneza kikiharibika.

Kwa upande wa shule, mkoa wa Ziwa Magharibi, ilimo Karagwe, uliopewa jina la Kagera mwaka 1979 baada ya vita na Idi Amin, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kielimu. Huko dini na kusoma viliingia kwa mlango mmoja. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walijenga Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892. Walutheri wa misioni ya Bethel kutoka Ujerumani walipofika mwaka 1910, walikuta vikundi vya Wahaya waliokwisha kuanza kusoma Biblia ya Kiganda wenyewe, bila kumsubiri mzungu yeyote. Aliyetaka kubatizwa alitakiwa mara nyingi ajue kusoma kwanza. Darasa la katekista, kibanda cha nyasi chenye ubao mmoja, ndilo lililokuwa shule ya kwanza katika vijiji vingi.

Karagwe ilikuwa na mwendo wake. Nchi hii ya Wanyambo iliwahi kuwa njia kuu. Mwaka 1861 wapelelezi Waingereza Speke na Grant walipokewa na mfalme wake, Mukama Rumanyika, na kabla yao wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka Unyanyembe walikuwa wakipita hapo kwenda Buganda. Wakoloni walipoigeuza biashara ielekee ziwani na bandari ya Bukoba, Karagwe ikabaki nyuma ya vilima. Shule zilichelewa, barabara zilichelewa, na hata kahawa ilipostawi ilibebwa safari ndefu hadi kufika mnadani.

Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, yenye makao Lukajange, ilianzishwa mwaka 1979. Ilikuwa na hospitali Nyakahanga, ilikuwa na sharika, lakini shule za msingi zilikuwa za Serikali. Katika elimu, kilichobaki mikononi mwa makanisa nchini kote kilikuwa hasa seminari, vyuo vya ufundi na shule za watoto wadogo. Wakati huohuo Elimu ya Kujitegemea ilikuwa imempa mwanafunzi jembe pamoja na daftari, na kampeni ya elimu kwa wote iliyofuata Azimio la Musoma la 1974 ilijaza madarasa hadi walimu wakakosekana. Hapakuwa na mwalimu wa kuwaza mashine.

Mlango ulifunguka tena hatua kwa hatua. Masharti ya kompyuta yalilegezwa katika miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 hayakuwa na nguvu tena. Mwaka 1992 Serikali na makanisa, kupitia Jumuiya ya Kikristo Tanzania na Baraza la Maaskofu Katoliki, walitia saini makubaliano juu ya huduma za jamii, na Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii ikaundwa kusimamia upande wa makanisa. Kisha Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikaruhusu watu binafsi na mashirika kuanzisha shule za msingi. Makanisa, ambayo kwa robo karne yalikuwa yakiziangalia shule zao za zamani zikiendeshwa na wengine, hayakusita.

Lakini shule ya kanisa iliyorudi haikuwa ile iliyoondoka. Ile ya zamani ilikuwa ya kijiji kizima, ikafundisha kwa lugha ya wenyeji au Kiswahili, na karo yake ilikuwa ndogo. Hii mpya ilitoza ada, ilifundisha kwa Kiingereza, ilikuwa na bweni na basi la rangi ya njano, na ilibidi ishindane. Mzazi mwenye migomba na kahawa alihitaji sababu ya kuiacha shule ya Serikali iliyo jirani yake. Kiingereza kilikuwa sababu ya kwanza. Maadili ya dini yalikuwa ya pili. Kompyuta, kitu ambacho shule ya Serikali ya jirani isingeweza kuwa nacho, ikawa ya tatu.

Mashine zenyewe zilikuwa za mtumba. Nyingi zilifika kwa njia ya urafiki wa sharika za Ulaya na Marekani, katika makontena yaliyochanganya vitanda vya hospitali, baiskeli na vitabu. Zilikuwa zile zenye kioo kipana mbele na mgongo mkubwa nyuma, nzito kiasi cha kuhitaji watu wawili kuzinyanyua. Aliyewahi kuingia katika chumba cha kompyuta cha shule ya aina hiyo anaifahamu hali yake: viatu vinavuliwa mlangoni, kila mashine imefunikwa kitambaa cha kitenge dhidi ya vumbi jekundu la msimu wa kiangazi, madirisha yana nondo, na ufunguo anao mtu mmoja. Watoto watatu hukaa kwenye kompyuta moja. Mmoja anashika kipanya, wa pili anabonyeza herufi, wa tatu anatoa maelekezo kwa sauti kubwa kuliko mwalimu.

Kilichofundishwa kilitegemea kilichokuwa ndani ya mashine. Kulikuwa na Paint ya kuchorea, Mavis Beacon ya kufundishia kuchapa, kamusi elezo ya Encarta kwa waliobahatika, na mchezo wa karata wa Solitaire ambao mtoto aliugundua bila kufundishwa na mtu. Nadharia ilikuwa nyingi. Mwanafunzi aliweza kuchora mchoro wa kompyuta kwenye daftari, akaandika sehemu ya kuingizia taarifa na sehemu ya kutolea, akapata alama zote, ilhali zamu yake ya kugusa mashine ilikuwa dakika chache kwa wiki. Mtandao haukuwepo. Virusi viliingia kwa flashi, na elimu pekee ya usalama aliyoipata mtoto ilikuwa onyo la kutochomeka kitu asichokijua.

Hata dakika hizo chache zilitegemea umeme. Kwa miongo kadhaa umeme wa sehemu kubwa ya Kagera umenunuliwa Uganda, ukija kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi Kyaka, na Karagwe iko mwisho wa waya. Ukikatika Masaka, Kayanga inajua. Ukirudi kwa kishindo, vifaa vinaungua, na kando ya Ziwa Viktoria radi hazihesabiki. Vijiji vya Kyerwa vilisubiri zaidi, mpaka Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, ulipofikisha nguzo hatua kwa hatua.

Katika umeme wa jua, hata hivyo, Karagwe ilitangulia mahali pengi nchini. Mwaka 1993 shirika la wenyeji liitwalo KARADEA lilianzisha kituo cha mafunzo ya umeme wa jua, kilichojulikana kama KARADEA Solar Training Facility. Mtu wa karibu katika kazi hiyo alikuwa Mark Hankins, aliyekuwa amejifunza ufundi huo Kenya. Mwaka 1984 yeye na mhandisi Harold Burris walikuwa wamefunga taa za jua katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, eneo la Meru. Mafundi kutoka nchi mbalimbali za Afrika Mashariki walikwenda Karagwe kujifunza kupima paneli, kupiga hesabu ya betri na kufunga nyaya. Wilaya iliyokuwa mwisho wa waya ikawa mahali pa kufundishia watu wasio na waya kabisa.

Paneli za wakati huo zilitosha taa na redio. Kompyuta ya mezani yenye kioo kikubwa ilikula umeme wa mchana mzima kwa saa mbili. Ilibidi zije kompyuta mpakato, halafu vishikwambi, ndipo jua liweze kuendesha darasa. Lakini ule ufundi ulikuwa tayari mikononi mwa vijana wa hapo, na kwa shule iliyo mbali na nguzo jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko msaada wa mashine kumi.

Mwaka huohuo wa 1993 Joseph Sekiku na wenzake walianzisha FADECO mjini Kayanga, shirika lililoanza na habari za wakulima na baadaye likafungua redio ya jamii, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2007. Kwa watu wengi wa Karagwe, hapo ndipo wazo la kwamba habari huja kwa waya au hewani na mtu wa kawaida anaweza kuijibu lilipopata sura. Mkulima alituma ujumbe wa simu redioni, akasikia jina lake likitajwa jioni. Mtoto aliyekuwa jikoni alisikia pia.

Serikali nayo ilianza kuandika kompyuta katika mitaala. Muhtasari wa somo la kompyuta kwa sekondari ulitoka mwaka 1996. Sera ya kwanza ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ilipitishwa mwaka 2003, na ufupisho wa Tehama ukaingia katika lugha ya ofisini. Katika mtaala wa shule za msingi wa mwaka 2005 Tehama ilitajwa kuwa somo. Shule nyingi za Serikali hazikuwa na kifaa hata kimoja, kwa hiyo somo lilifundishwa ubaoni au halikufundishwa. Mtaala uliofuata, wa katikati ya miaka ya 2010, uliliingiza ndani ya Sayansi na Teknolojia. Katika mtihani wa darasa la saba halikuwa na karatasi yake lenyewe. Shule za kanisa zililiweka kwenye ratiba kwa hiari yao, na kila zilipokaribia mtihani, vipindi vya kompyuta ndivyo vilivyomegwa kwanza.

Lugha ilikuwa na mambo yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata Microsoft ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows. Shule za Kiingereza hazikuvutiwa, kwa kuwa mzazi alikuwa akilipia Kiingereza. Uthibitisho kwamba Kiswahili kinaweza kubeba somo la namna hii ulikuja kutoka mbali, mkoani Tanga. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, wengi wao wakiwa hawajawahi kwenda shule. Walijifunza herufi na hesabu kwa kujaribu wenyewe. Washindi, onebillion na Kitkit School, walitangazwa Mei 2019.

Kyerwa ilikuwa na mfano mwingine wa karibu zaidi. Ng'ambo ya Mto Kagera, Rwanda ilianza mwaka 2008 kugawa kompyuta ndogo za XO, nyeupe na kijani, katika shule za msingi za umma, na kwa miaka iliyofuata ikagawa zaidi ya 200,000. Huko Serikali ilitangulia na shule zikafuata. Upande wa Tanzania kila shule ilijitafutia. Tofauti hiyo iliwafanya wazazi wa mpakani kuuliza maswali, lakini pia ilionyesha kwamba wingi wa mashine hautoshi: Rwanda yenyewe ilisumbuka na walimu wasioandaliwa na shule zisizo na umeme wa kuzichaji.

Wakati shule zikihangaika na mashine za mezani, simu ilikuwa inaingia nyumbani kwa njia nyingine kabisa. Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania mwaka 2008. Kwa mkulima wa kahawa hili halikuwa jambo la anasa. Kagera ina desturi ya muda mrefu iitwayo butura, ambapo mwenye shida huuza kahawa yake ikiwa bado maua, kwa bei ya kutupa, kwa mwenye fedha taslimu. Serikali imeikemea mara nyingi, na vyama vya ushirika, kikiwemo KDCU cha Karagwe, vimejaribu kuikata. Simu haikuimaliza butura, lakini ilimwezesha mtoto aliyeko Mwanza au Dar es Salaam kutuma ada au pesa ya dawa siku hiyohiyo, na ilimwezesha mkulima kuuliza bei ya upande wa Uganda kabla hajamjibu mnunuzi aliyesimama uani kwake.

Mpakani simu ina vituko vyake. Karibu na Murongo au kwenye miteremko inayoutazama Mto Kagera, mawimbi ya minara ya Uganda na Rwanda huvuka bila pasipoti. Rwanda iko nyuma saa moja, kwa hiyo simu inayonasa mnara wa huko inaweza kujirudisha saa moja yenyewe, na mwenye nayo akachelewa ibada au kipindi bila kujua kilichotokea. Mwalimu wa kompyuta anayetafuta mfano wa jinsi mtandao unavyofanya kazi hahitaji kitabu.

Pamoja na simu wakaja matapeli. Mtanzania asiyewahi kupokea ule ujumbe wa kuambiwa ile hela aitume kwenye namba hii, jina litatokea la fulani, ni wa kutafuta. Ujumbe huo umetungwa kwa ustadi. Mtumaji hajitaji. Hataji kiasi wala deni. Anaandika kama mtu anayemalizia mazungumzo yaliyokwishaanza, akijua kwamba kati ya maelfu wanaoupokea, atakuwepo mmoja aliyetoka kuzungumza na mtu kuhusu hela kweli. Anayeshika simu ya nyumbani wakati huo mara nyingi ni mtoto, kwa kuwa ndiye anayesoma haraka kuliko bibi yake. Ndiye anayeombwa kusoma ujumbe, kuingiza vocha, hata kubonyeza namba ya siri kwa niaba ya mkubwa. Mtoto wa miaka tisa akawa karani wa fedha wa nyumba nzima, na shuleni alikuwa bado anafundishwa sehemu za kompyuta.

Hapo ndipo somo la uwajibikaji wa kidijitali lilipoanza kuwa na maana. Halikuanza na sheria, ingawa sheria ilikuja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba mwaka huo, ilikataza picha chafu za watoto, udukuzi, utapeli na kusambaza habari za uongo. Kwa kosa hilo la mwisho iliweka faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Wakosoaji walisema vifungu hivyo ni vipana mno, hasa vinapotumiwa dhidi ya wenye maoni tofauti. Walimu walikuwa na shida ya aina nyingine: jinsi ya kumweleza mtoto wa darasa la tano kwamba kusambaza picha ya mwenzake ni kosa, bila kumtisha kwa gereza.

Shule za kanisa zilikuwa na hazina ya kuchota. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, uamsho ulizuka Gahini, kituo cha misioni cha Kianglikana nchini Rwanda ambacho hakiko mbali na mpaka wa Karagwe. Ukaenea Uganda, kisha Bukoba na vilima vya Kagera. Waliookoka, walioitwa Balokole, walikuwa na desturi zilizowashangaza wengi: kukiri hadharani, kurudisha kitu kilichoibwa hata baada ya miaka, kutokaa na jambo moyoni juu ya ndugu, na kukataa kusengenya. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, kuanzia 1977 hadi 1984, alitoka katika uamsho huo na aliandika juu yake katika kitabu chake juu ya kanisa, ukoo na ulimwengu, kilichotoka mwaka 1974.

Kwa mtu aliyelelewa katika mapokeo hayo, maswali ya mtandao si mageni. Je, jambo hili ni la kweli? Nani ataumia nikilisema? Ningelisema mbele yake? Mwalimu wa dini na mwalimu wa kompyuta, ambao katika shule ndogo huwa ni mtu mmoja, wanaweza kukutana katika kipindi kimoja. Umbea wa kisimani na umbea wa kundi la WhatsApp unatofautiana kwa kasi na kwa kumbukumbu: wa kisimani unasahaulika, wa kundini unaweza kupigwa picha na kutunzwa. Mapokeo ya kukiri nayo yana hatari yake mtandaoni. Mtoto aliyezoezwa kwamba kusema kila kitu ni wema anahitaji kuambiwa kwamba kuna mambo ya kumwambia mzazi au mchungaji ambayo hayapaswi kuandikwa mahali watu elfu wanaposoma.

Shule zenyewe hazikuwa na mikono safi sana. Ukurasa wa Facebook uligeuka kuwa bango la matangazo, na picha za mahafali, za watoto wakiwa na majina yao, madarasa yao na wastani wao wa alama, zikawekwa hapo ili kuvutia wazazi wapya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Shule inayomfundisha mtoto kutotoa jina na mahali anapoishi kwa mtu asiyemjua ilijikuta ikilazimika kuutazama upya ukurasa wake yenyewe.

Janga la korona liliongeza kasi. Shule zilifungwa Machi 2020, na za msingi zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni. Masomo ya redio na televisheni yalisaidia, lakini shule za kulipia, kwa kuogopa kupoteza ada, zilituma mazoezi kwa WhatsApp kwa wazazi. Simu iliyokuwa imepigwa marufuku shuleni, kama ilivyo kwa wanafunzi karibu kila mahali Tanzania, ikawa ndiyo shule. Miezi michache kabla ya hapo, Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zimeanza kuzimwa. Kila simu aliyoishika mtoto kufanyia zoezi ilikuwa na laini yenye jina la mtu mzima.

Baada ya sensa ya watu na makazi ya Agosti 2022, Serikali ilielekeza vishikwambi vilivyotumiwa na makarani vigawiwe kwenye sekta ya elimu, hasa kwa walimu. Kwa mara ya kwanza mwalimu wa shule ya Serikali huko Nkwenda au Isingiro aliweza kuwa na kifaa chake mwenyewe mkononi, huku mwenzake wa shule ya kanisa bado akizunguka na ufunguo wa chumba cha kompyuta za mezani. Faida iliyoifanya kompyuta kuwa kivutio cha shule ya kulipia ilianza kuyeyuka. Mamlaka ya Mawasiliano ikaanzisha klabu za kidijitali shuleni, na elimu yake kwa umma ikawa fupi na ya kutumika: ujumbe wa tapeli unaripotiwa kwa kuutuma 15040, na *106# inaonyesha laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hayo mawili mtoto wa darasa la nne anaweza kumfundisha bibi yake kwa jioni moja.

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na Rubwera, yalipo makao makuu ya wilaya, imekua pamoja na ofisi: halmashauri, mawakala wa fedha, vibanda vya kuchapa na kutoa nakala. Huduma nyingi za Serikali sasa zinaombwa mtandaoni, na kwenye vibanda hivyo mkulima humpa kijana asiyemjua kitambulisho chake, namba yake ya simu na wakati mwingine nywila yake, ili ajaziwe fomu. Kijana huyo anaweza kuwa alipita katika chumba cha kompyuta cha shule ya kanisa miaka kumi iliyopita. Alifundishwa kuchapa bila kutazama vidole. Siri za watu wanaokaa mbele yake ni jambo ambalo muhtasari wa wakati wake haukuligusa.

Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita. Mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na wote wataingia kidato cha kwanza mwaka 2028. Kwa shule za kanisa zilizozoea kukipa kipindi cha kompyuta nafasi iliyobaki baada ya maandalizi ya mtihani, mwaka mzima unaondoka kwenye ratiba. Wasimamizi wake watalazimika kuamua kama Tehama itaendelea kuwa kipindi chenye chumba na ufunguo wake, au itaingizwa katika hesabu, Kiswahili, Historia ya Tanzania na Maadili, na kipindi cha dini, mikononi mwa walimu ambao wengi wao hawakusomea kompyuta.